Jina la Mnyapara

Daktari Marejeo aliisukuma sura ya tatu juu ya meza kwa ncha ya kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani aliyokuta nzi ndani yake.

"Mama, hii si historia," alisema. "Hizi ni soga za barazani."

Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa hakuna kikao alichomaliza bila kuuliza marejeo yako wapi. Alikuwa msimamizi wa Mwalimu, mdogo kwake kwa miaka kumi na kitu, na alimwita "mama" kwa sauti ile watu wanayomwitia mtu aliyepotea ndani ya jengo la serikali. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, mkoba mapajani, akijikaza kiti kisiyumbe.

"Soga kivipi, Daktari?"

"Umewahoji vikongwe watatu kwa pamoja. Mmoja anaanza sentensi, wa pili anaimalizia, wa tatu anacheka. Nani amesema nini? Huyu anamsikia yule, anakubali asije akamuudhi. Ushahidi wa namna hii umechafuka. Rudi ukawahoji mmoja mmoja, mlango umefungwa."

"Hawataki kuhojiwa mmoja mmoja."

"Basi hawana la kusema. Na wewe huna tasnifu."

Mwalimu aliichukua sura yake, akaitia mkobani, akaaga kwa heshima zote. Korido nzima aliimaliza meno yameumana.

Hakuingia chuo kikuu kutafuta cheo. Alikuwa amefundisha historia sekondari karibu umri wake wote wa kazi, chaki kwenye kucha, na darasa la watoto sitini lilinyamaza akikohoa tu. Mumewe alipofariki na watoto wakaenda kujitegemea, alijiandikisha shahada ya uzamili, na walimu wenzake wakamtania mpaka wakachoka. "Unataka uzikwe na joho, Mwalimu?" aliuliza mwalimu wa hesabu. "Hapana," alijibu, "nataka nikusahihishe wewe nikiwa nimelivaa."

Mada aliijua kabla hajajaza maombi. Zamani, nyuma ya hospitali kuu, palikuwa na banda la kufulia lenye makarai ya saruji na boila moja kubwa, na wanawake zaidi ya thelathini walifua hapo shuka za wodi zote. Uongozi ulipowaamuru wafue shuka za wodi ya magonjwa ya kuambukiza kwa mikono mitupu, na mwenzao mmoja akaugua akafa, waligoma. Walidai glavu. Walidai na nyumba pia, maana wauguzi walipewa nyumba za hospitali na wao walipanga vyumba vinavyovuja. Walikunja mikono, shuka zikarundikana mpaka zikaziba madirisha, na mwisho uongozi ukasalimu amri. Hakuna kitabu kilichoandika habari hizo hata kwa mstari mmoja. Aliyewaongoza walimwita Mnyapara, na Mnyapara huyo alikuwa mama mkwe wa Mwalimu.

Hapo ndipo ilipokuwa fahari ya ukoo. Nyumba ya matofali aliyoishi Mwalimu, yenye sebule ya madirisha mawili na ua wa nyuma, ilikuwa nyumba ya Mnyapara. Katika kila harusi na kila msiba alisimama mtu akasimulia jinsi hospitali ilivyompa bibi yao nyumba hiyo kwa kuuheshimu ujasiri wake. Mwalimu aliolewa akaikuta hadithi hiyo, akaipokea kama alivyopokea funguo za kabati. Mtoto wake akiwa mtukutu alimuuliza swali moja tu, "Wewe ni mjukuu wa nani?", na mtoto aliinamisha kichwa.

Wafuaji waliobaki hai walikuwa watatu, na mtaa uliwajua kwa kazi zao za zamani. Bibi Boila ndiye aliyekuwa akichemsha maji. Bibi Pasi alipiga pasi. Bibi Kamba alianika. Na walikuwa na mwiko walioutoa bandani. Shuka iliyolowa haikamuliwi na mtu mmoja. Mnaishika wawili, huyu ncha hii na yule ncha ile, mnaisokota kila mmoja kwa upande wake. Hapo ndipo maneno yalipozungumzwa. Neno juu ya mwenzako ulilisema mbele ya wenzako, awepo wa kukukatalia. Ukilisema pembeni uliitwa mchonganishi, na hakuna aliyekubali kushika shuka nawe.

"Peke yangu?" aliuliza Bibi Boila, Mwalimu alipomwendea na agizo la Daktari. "Kwani nimeiba? Mtu anahojiwa peke yake polisi."

"Ni utaratibu wa chuo, bibi."

"Chuo chenyewe kina adabu?"

Alikubali kwa kumhurumia tu. Mlango ukafungwa, kinasa sauti kikawashwa, na bibi yule ambaye mbele ya wenzake alikuwa kama redio akageuka bubu. Kila swali alilijibu, "Hilo muulize Pasi, alikuwepo." Bibi Pasi naye, siku yake ilipofika, alijibu, "Hilo Boila ndiye analijua." Mwalimu alirudi nyumbani na kinasa sauti kilichojaa kukohoa.

Bibi Kamba alikuwa mwingine. Wakiwa watatu ndiye aliyecheka na kusema machache. Peke yake, aliitazama kwanza ile taa nyekundu ya kinasa sauti.

"Nikisema utaandika?"

"Kazi yangu ndiyo hiyo, bibi."

"Hata kama hutapenda?"

"Hata kama."

"Basi andika. Mama mkwe wako alituuza. Tumegoma, nimekuja mchana kuangalia wenzangu wako wapi, nikachungulia dirisha la banda. Nikamwona yuko kwenye karai, mikono imezama kwenye povu mpaka viwikoni, anafua. Peke yake. Nikageuka nikarudi nyumbani, sikumwambia mtu. Mgomo ulipokwisha nani alipewa nyumba? Yeye. Hesabu hiyo haihitaji kwenda shule, mwanetu."

Damu ilimpanda Mwalimu kichwani. Mkono ulitaka kukizima kile kinasa sauti, lakini alikuwa amewaambia watoto wa watu miaka yote hiyo kwamba mwanahistoria hafichi kinachomuuma, akaona haya mbele ya nafsi yake. Alishukuru, akatoka, akasahau hata kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ya mtu.

Chuo kilikuwa na kanuni kwamba msimamizi asikilize mahojiano yote. Mwalimu aliyapeleka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata kanuni, na juu ya karatasi aliyonakilia maneno ya Bibi Kamba akaandika kwa herufi kubwa: haijathibitishwa. Alidhani mtu aliyesoma mpaka udaktari ataliona neno hilo.

"Sasa una tasnifu, mama," alisema Daktari Marejeo, uso umemchanua kwa mara ya kwanza. "Kiongozi wa mgomo aliyewasaliti wenzake. Hii watu wataisoma."

"Ni mtu mmoja aliyechungulia dirishani."

"Amesema bila kuwaogopa wenzake. Ndiyo maana nilikuambia ufunge mlango."

Wiki iliyofuata idara ilikuwa na semina. Mwalimu alikuwa shuleni akisimamia mitihani, na hakuna aliyemwambia kitu. Daktari alisimama mbele ya ukumbi uliojaa akasoma ushahidi wa Bibi Kamba, akaueleza kuwa ni matokeo ya utafiti anaousimamia, akamtaja Mnyapara kwa jina lake lote, lake na la baba yake. Neno "haijathibitishwa" hakulisoma.

Shemeji mtu alifika kabla magazeti ya jioni hayajaisha mtaani. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, afisa wa benki mstaafu, mtu aliyevaa tai hata akienda kunyoa. Siku hiyo tai ilikuwa imelegea.

"Kaa, shemeji."

"Sikai."

"Maji basi."

"Sinywi maji ya mtu anayemwanika mama yangu." Alisimama katikati ya sebule, kofia mkononi. "Mtoto wa mwenzangu alikuwa ukumbini. Ananipigia simu, eti mzee, kumbe ile nyumba yenu ilikuwa hongo? Nimemkatia. Nitawakatia wangapi?"

"Si mimi niliyesoma."

"Nani alikwenda kuchokonoa? Nani alibeba kidude chake akakiweka mbele ya bibi mwenye kinyongo? Ulikuja hapa tukakupa jina letu, tukakupa nyumba yetu. Sasa umetafuta joho, umetuvua nguo sisi."

Mwalimu alikuwa na majibu matatu, yote makali, na hakutoa hata moja, kwa sababu katika yale aliyoambiwa lilikuwamo la kweli, na hilo ndilo lililomtia hasira kuliko matusi. Alimfungulia mlango. Shemeji akapita bila kumtazama.

Asubuhi Mwalimu alikuwa mlangoni kwa Daktari kabla mwenye ofisi hajafika. Hakukikalia kile kiti.

"Umesoma mahojiano yangu ukumbini."

"Mahojiano ya utafiti wa idara, mama. Tunayatumia sote."

"Umemtaja kwa jina."

"Amekufa. Marehemu hana malalamiko."

"Ana watoto, ana wajukuu, ana mkwe ambaye amesimama mbele yako. Na nilikuandikia kwamba haijathibitishwa."

"Basi thibitisha," alisema Daktari, akawasha kompyuta yake. "Si ndiyo kazi ya mwanafunzi?"

"Nitathibitisha. Lakini safari hii mlango utakuwa wazi."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Kamba. Hakumzunguka. Alimwambia yaliyosomwa ukumbini, akamwambia na jambo analolitaka: ayarudie maneno yake mbele ya Bibi Boila na Bibi Pasi.

"Unadhani nitaogopa?" Bibi Kamba alishika kiuno. "Nilikupa wewe uandike, sikumpa mwanamume nisiyemjua akayatangaze. Twende. Hata leo."

Walikutana chumbani kwa Bibi Pasi, ambako hata pazia lilikuwa na mkunjo wa pasi. Kulikuwa na kitanda, kiti kimoja na kigoda. Wazee wakakaa kitandani kwa safu, Mwalimu akachukua kigoda na kuweka kinasa sauti juu ya kiti. Bibi Kamba hakungoja kuulizwa.

"Nimesema Mnyapara alituuza, na nasema tena hapa mkiwa mnanisikia. Nilimwona akifua, sisi tumegoma."

Wenzake walitazamana. Bibi Boila alijikuna shavu.

"Yale maji aliyokuwa akifulia," alisema polepole, "yalikuwa baridi au moto?"

"Moto. Mvuke ulijaa mpaka juu."

"Na boila nani alikuwa na ufunguo wake?"

Bibi Kamba alimgeukia.

"Mimi ndiye niliyeyachemsha," alisema Bibi Boila.

"Na mimi nikazipiga pasi," alisema Bibi Pasi. "Wewe hukuwepo siku tuliyoamua, mtoto wako alikuwa na surua. Alikuja muuguzi wa wodi ya wazazi analia. Watoto wachanga wanalazwa juu ya magazeti. Tukakaa, tukasema hawa hawajatukosea kitu. Tukamtuma Mnyapara afue za wodi ile tu, tukaapa kutosema, maana uongozi ungejua kuna shuka hata moja imefuliwa, mgomo umekufa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nilidhani amekuambia Boila."

"Na mimi nilidhani amekuambia Mnyapara mwenyewe."

"Mmenifanya mzushi," alisema Bibi Kamba, na sauti ilikuwa ya hasira tupu, machozi hayakuwamo. "Yule mama mpaka anakufa nilikuwa nikimwamkia nikitazama ukuta. Mlikuwa mnaniona. Mnaniona, mnanyamaza."

"Aliniuliza siku moja, Kamba ana nini na mimi," alisema Bibi Pasi. "Nikamwambia muulize mwenyewe. Sikujua."

Mwalimu alihisi pumzi inamrudi kifuani. Tayari alikuwa anamwona shemeji yake akivuta kiti akakaa, tayari anamwona Daktari akitafuta pa kutazama. Aliunyosha mkono kukizima kinasa sauti.

"Usizime," alisema Bibi Boila.

Mkono ukabaki hewani.

"Kazi ya kufua tulimtuma. Nyumba hatukumtuma."

Bibi Pasi alianza kulainisha shuka ya kitanda kwa kiganja, ingawa haikuwa na kunyanzi. Hakumkatalia mwenzake.

"Tulikubaliana, nyumba kwa wote au asipewe yeyote," aliendelea Bibi Boila. "Wakaleta glavu kwa wote na ufunguo kwa mmoja. Akaupokea. Alisema ana watoto wengi. Nani hakuwa na watoto? Tulimpenda, alikuwa simba yule mama, bila yeye tusingeweza. Tulimzika, tukamlilia. Lakini mimi napanga mpaka leo, na mvua ikinyesha nalala na beseni kitandani."

"Mbona siku zote hizi hamkuniambia, bibi?"

"Ulikuwa unakuja na uso wa mkwe, mwanetu. Nani angemwambia mkwe?"

Mwalimu alitembea kwa miguu hadi nyumbani, na njiani hasira ilikuwa ikibadilisha mtu wa kumkamata. Ilimkamata Daktari aliyefunga mlango. Ikamwacha, ikamshika Mnyapara, mwanamke aliyemfundisha kukunja shuka pembe kwa pembe na kumwambia kwamba mtu hula alichokitolea jasho. Kisha ikamrudia yeye mwenyewe, aliyekwenda kuwahoji watu akiwa amejivika uso wa mkwe bila kujua. Alipofika alitoa shuka kabatini, safi kabisa, akaziloweka, akazifua kwa nguvu mpaka vidole vikamwasha. Akajaribu kuzikamua peke yake. Zilitiririsha maji sakafuni, akaziacha zitiririke.

Kisha akaandika. Aliandika yote, nani amesema nini na nani alimkatalia nani, muuguzi na magazeti yake, ufunguo wa boila na ufunguo wa nyumba.

"Wamekaa wakapanga kumsafisha," alisema Daktari Marejeo alipomaliza kusoma.

"Wangekuwa wanamsafisha wangeitaja nyumba?"

Daktari alifikiri. "Sawa. Bakiza nyumba, ondoa habari ya kutumwa. Hoja itakaa vizuri."

Shemeji mtu, alipopigiwa simu, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bakiza habari ya kutumwa. Nyumba iondoe."

Wanaume wawili wasiojuana, kila mmoja ameshika mkasi wake. Mwalimu alikataa huku, akakataa na kule. Daktari akatamka wazi kwamba hatasaini. Mwalimu akaenda kuketi nje ya ofisi ya mkuu wa idara, mtu mpole asiyependa makelele, akaketi tena kesho yake na keshokutwa, mkoba mapajani, akimwamkia kwa adabu kila alipoingia na kila alipotoka, mpaka mkuu wa idara akaisaini tasnifu mwenyewe ili apumue.

Siku ya utetezi ukumbi ulikuwa uleule wa semina, na wasikilizaji wengi walikuwa walewale. Mtahini wa nje alikuwa mama wa makamo aliyesema kwa sauti ya chini, kiasi kwamba watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Daktari Marejeo alikaa kwenye jopo pia, kalamu mkononi, akangoja zamu yake.

"Swali langu ni dogo," alisema. "Una uhusiano gani na huyu Mnyapara?"

"Ni mama mkwe wangu. Na nyumba inayosemwa humu ndiyo ninayolala."

Minong'ono ikapita nyuma. Daktari akatabasamu.

"Basi tutakuaminije, mama?"

"Msiniamini," alisema Mwalimu. Alikuwa amesimama wima kama anavyosimama mbele ya darasa linalomjaribu. "Katika chumba hiki wewe ulisoma maneno ya bibi mmoja, ukamwita mama mkwe wangu msaliti, kwa jina lake na la baba yake, na hakuna aliyekuuliza tutakuaminije. Bibi yule amesema mbele ya wenzake kwamba alichungulia akakosea. Yamo humu. Kosa ambalo mama mkwe wangu alilifanya kweli nalo limo humu, nimeliandika mimi niliyelala chini ya bati lake. Wewe hukulijua, Daktari, kwa sababu uliwafungia mlango."

Mtu mmoja alikohoa. Kalamu ya Daktari ikasimama.

Jopo lilitoka, likarudi. Walimpasisha, kwa masahihisho. Moja la masahihisho alilisoma Daktari mwenyewe, kwa upole ambao haukuwa wake: kwa kuwa mtafiti ni ndugu, na ili kuilinda familia, jina la Mnyapara liondolewe, iwekwe herufi moja.

Mwalimu hakuketi.

"Alipotukanwa jina lilikuwa lote," alisema. "Leo anaelezwa alivyokuwa, mnampa herufi. Kila aliyemo humu anajua ni nani. Mnachoniambia ni kwamba tusi libaki na mwenyewe, na ukweli uwe wa mtu asiyejulikana. Hilo silisahihishi. Kama ndiyo bei ya joho, lishoneeni mtu mwingine."

Mtahini wa nje alivua miwani, akamtazama Daktari kwa muda, kisha akamgeukia Mwalimu. "Jina linaweza kubaki," alisema, "kama mkubwa wa familia ataridhia kwa maandishi. Mwenye damu yake. Wewe ni mkwe tu."

Mkwe tu. Mwalimu alilimeza neno hilo kama mwiba wa samaki, akasema asante.

Shemeji alimpokea ofisini kwake, chumba cha mbele ya nyumba ambamo aliwajazia watu fomu za mirathi tangu astaafu. Safari hii yeye ndiye aliyesema kaa, na Mwalimu ndiye aliyebaki amesimama. Aliweka mezani zile kurasa za sura ya tatu na karatasi ya kuridhia juu yake. Shemeji alizisoma zote. Alisoma kama watu wa benki wanavyosoma, kidole kikitambaa chini ya kila mstari. Penye magazeti na watoto wachanga kidole kilisimama. Mbele kidogo, penye ufunguo wa nyumba, kikasimama tena, kwa muda mrefu zaidi.

"Futa hapa, nasaini sasa hivi."

"Sifuti."

"Shemeji, ni mama yangu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Ukikataa wataweka herufi. Waliokuwa ukumbini siku ya kwanza wamebaki na jina lake na neno msaliti, na hakuna kitabu kitakachowajibu. Ukikubali, amri aliyopewa na wenzake iko chini ya jina lake, na ufunguo alioupokea uko chini ya jina lake. Chagua wewe, una damu yake. Mimi ni mkwe tu."

"Usinifanyie kejeli."

"Si yangu. Nimeambiwa."

Shemeji alitoa kalamu mfukoni, akaiweka chini, akaichukua tena. Shingo ilikuwa imemvimba juu ya ile tai.

"Tumeisimulia hiyo nyumba harusini kwangu," alisema. "Harusini kwa wanangu. Yule Boila alikuwa amekaa mstari wa mbele, anapiga makofi."

"Alikuwepo."

"Bado amepanga?"

"Bado."

Alisaini kwa kuikandamiza kalamu hata karatasi ikatoboka kidogo penye herufi ya mwisho. Hakumpa Mwalimu mkononi. Aliisukuma mpaka ukingoni mwa meza, akageukia dirisha.

"Nenda, shemeji. Nenda kabla sijaichana."

Mwalimu aliichukua, akaikunja mara mbili, akatoka.